Magari Matatu ya Mama Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata shati nililovaa nalikumbuka: jeupe, lenye kola ngumu, la kuazima. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nakwenda kwenye ofisi ya bima kuandikisha magari matatu ambayo hata moja halikuwa langu. Nitakueleza yaliyonipata, kwa sababu asubuhi hii umeniwekea mezani makaratasi ya bima ya magari yetu, lile la baba yako, lile la mama yako na kamioneti yangu kuukuu, ukaniambia mimi babu yako, "Nkambo, weka tu sahihi. Jina langu tumeliacha. Mutu anayejifunza akiandikwa, bei ya asiransi inapanda." Ulisema huku unacheka, nami nikacheka, maana kicheko chako kinaambukiza. Lakini kalamu bado sijaishika. Kaa kidogo, chai yenyewe haijapoa.

Mji wetu wakati ule ulikuwa ungali unaitwa Albertville. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu. Tulikuwa tumeona fujo za kutosha, na zilipotulia kidogo watu walirudi mbiombio kwenye mambo yao, kuoa, kujenga, kununua baiskeli. Mimi nilikuwa karani mdogo katika bohari la reli. Nilikuwa nimemchumbia nkambo wako Anjelina, yaani bibi yako, posa imekubaliwa, na harusi ilipangwa ifanyike mvua zikiisha.

Baba yake Anjelina alikuwa ameshafariki. Mama yake ndiye aliyeendesha biashara ya unga na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, na alikuwa na magari matatu: lori lililopanda mpaka Bendera kuwapelekea chakula wafanyakazi wa mtambo wa umeme, kamioneti ya kutoa mizigo bandarini, na gari dogo la bluu la kwendea misa. Ndugu za marehemu walikuja kuyadai yale magari. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda barazani kwa waamuzi mara nne, akarudi na kadi zote tatu zikiwa zimeandikwa jina lake. Wakati ule mwanamke mwenye gari kwa jina lake mwenyewe alikuwa kitu cha watu kusimama na kutazama. Kadi zile akazifungia ndani ya sanduku, na hakupenda zitoke nyumbani.

Sasa sikiliza jambo moja, maana bila hili hutaelewa upumbavu wangu. Ninyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe meza moja mnanyang'anyana pilipili. Kwetu sisi, mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, akimwona njiani anaiacha njia, na zaidi ya yote jina lake halimtoki mdomoni. Siyo uadui, ni heshima, na mama naye anairudisha: anajifunika kitenge, anapita upande wake. Mkiwa na neno la kuambizana mnapitia kwa mtu wa kati. Wetu alikuwa Anjelina, na akikosekana, kaka yake Dominiko, aliyekuwa dereva wa magari yale yote.

Basi Anjelina akanijia na ujumbe. "Mama anasema wewe unajua Kifaransa cha makaratasi. Uende biro ya asiransi. Magari yote matatu yaingie karatasi moja, ni ya nyumba moja. Na useme unajifunza, Dominiko anakufundisha kwa ile ndogo. Uandikwe jina."

Maana yake Dominiko alikuwa mmoja na magari yalikuwa matatu, na mama alitaka dereva wa pili wa ndani ya familia. Nilifurahi kupita kiasi. Mama mkwe ananipa kazi ya kichwa kabla hata sijamwoa binti yake! Nikaazima shati, nikaandika namba za magari kwenye karatasi, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni. Karani aliyekuwamo alikuwa mtu wa makamo, mgeni mjini, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nyuma yangu walisimama watu kama sita hivi. Mambo yakaanza vizuri.

"Magari ngapi?"

"Matatu, ya nyumba moja."

"Nani anaendesha?"

"Dominiko. Eko na perimi ya kuendesha, ya miaka mingi."

"Kuna mwenye anajifunza?"

"Mimi." Akaliandika jina langu. Nililiona juu chini, nikalipenda.

"Wewe uko nani kwa mwenye magari?"

"Mukwe."

"Mukwe wa nani?"

Hapo ndipo ulimi uliponigandia. Nikasema, "Mama Anjelina," nikadhani nimepona.

"Mama Anjelina haiko jina. Kila mwanamuke humu mujini njo mama wa mutu. Nataka jina lenye liko kwa kadi."

Kadi, kama nilivyokwambia, ilikuwa sandukuni. Nikaanza kuchezea uzi wa kalamu ya wateja iliyofungwa pale mezani, nauzungusha kidoleni, naufungua, nauzungusha tena. Karani akavua miwani. "Namba za magari unazijua zote, jina la mwenyewe haulijui? Ndugu yangu, haya magari umeyatoa wapi?"

Watu nyuma yangu wakacheka. Shati la kuazima likanigandama mgongoni. Ningeweza kumwambia yule karani kwamba kwetu mtu kama mimi hawezi kulitamka jina lile, naye angenielewa, kwani hata kwao walikuwa na wakwe. Lakini nilikuwa kijana, niliona haya, na nilitaka nitoke pale haraka. Nikasema, "Basi uandike Dominiko. Dereva njo Dominiko, mwenye magari njo Dominiko. Mimi unifute."

Akanifuta kwa mstari mmoja ulionyooka. "Kadi utaleta kisha," akasema, akagonga muhuri. Nilipofika kwa Anjelina nikamwambia kazi imekwisha, na kwa kweli nilijiona mwanamume mwenye adabu. Nilikuwa nimelinda heshima ya mama mkwe mbele ya watu sita.

Wiki tatu zikapita kwa raha. Kila Jumamosi Dominiko alinipeleka na gari dogo kwenye uwanja mtupu, akanifundisha kushika usukani na kubadili gia, na kila nilipozimisha injini alisema tu, "Washa, shemeki." Mwalimu mpole kama yule sijamwona tena.

Halafu ikaja Jumapili ya safari. Mama alikuwa anakwenda Moba kwa meli kumwona dada yake. Asubuhi Dominiko alikuwa analiwasha lori kwa manivela, chuma kile cha kuzungusha mbele ya injini, kikarudi kwa nguvu kikampiga kifundo cha mkono. Mkono ukavimba pale pale. Meli ilikuwa karibu kuondoka, mizigo imeshatangulia, na gari pekee nililojua kuliendesha lilikuwa lile dogo. Dominiko akaja nyumbani kwangu mkono umefungwa kitambaa. "Utaendesha wewe. Mi nitakaa pembeni yako. Mama atakaa nyuma."

Mimi na mama mkwe ndani ya gari moja! Lakini meli haingoji. Nikaingia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa, nikasikia kitenge kikichakarisha. Nikainua macho kushika usukani. Ndani ya kioo cha juu, kile cha kutazamia nyuma, nikaona paji la uso la mama mkwe wangu.

Nikakisukuma kioo kikatazama dari.

"Unafanya nini na kiyoo?" Dominiko akauliza.

"Mama eko nyuma."

Dominiko akafikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali, kwani naye alikuwa mtoto wa mila ile ile. Tukaondoka hivyo, watu wazima watatu wenye akili timamu, kioo kikiangalia dari.

Kwenda mbele hakukunishinda. Tulifika ufukweni pembeni ya bandari bila kugusa hata kuku. Kama ningesimama pale mama akashuka, hadithi ingeishia hapo. Lakini nilitaka kuonyesha adabu zaidi. Nikasema nitarudi nyuma nigeuze gari, ili mlango wake uelekee kwenye meli na asikanyage matope. Nikaweka gia ya kurudi. Kioo hakioni. Kugeuza shingo siwezi, nitamtazama. Dominiko akatoa kichwa dirishani upande wake, akaanza kunielekeza nije nyuma, "Kuya, kuya, kuya."

Nyuma nikasikia mama anakohoa. Nikajisemea, vumbi hilo. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Nikaona vibaya kwamba nimemtia vumbi, nikaongeza mafuta tumalize. Ndipo akaita, "Dominiko! Dominiko!" lakini Dominiko kichwa kilikuwa nje na injini ilikuwa inalia.

Tukasikia mbao zinavunjika.

Ulikuwa upande wangu, asikoona Dominiko: mtumbwi wa Papa Lwamba, mvuvi wa ndagala, umepandishwa juu ya magogo ukingoja kupakwa lami. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeingia ndani. Papa Lwamba alisimama na kopo la lami mkononi. Alikuwa na watoto saba na mtumbwi mmoja. Mama akashuka, akajifunika kitenge mpaka puani, akamwamkia yule mzee kwa magoti, akaongea naye kidogo, kisha akatembea kwenye matope mpaka melini bila kugeuka. Wengine waliokuwa pale walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuona la kuchekesha.

Papa Lwamba akaniuliza swali moja tu. "Mutumbwi wangu utatengenezwa na nani, mwanangu?"

"Papa, tuko na asiransi," nikamjibu. Nilisema kwa kujiamini kabisa, na ndipo nikakumbuka.

Kesho yake mimi, Dominiko na Papa Lwamba tulikwenda kwa yule karani. Njiani Dominiko alininong'oneza kwamba atasema yeye ndiye aliyeendesha. Nilishawishika, sikufichi. Lakini mkono wake ulikuwa na bendeji kubwa kama mkate, na nusu ya soko ilikuwa imeniona kwenye usukani. Karani akataka kadi. Dominiko alikuwa ameichukua sandukuni. Karani akaisoma kadi, akaisoma na karatasi yake, akavua miwani tena. Mwenye gari kwenye kadi siye mwenye gari kwenye bima. Aliyeendesha amefutwa, na amefutwa kwa maneno yake mwenyewe.

"Mi siwezi kumulipia mutu mwenye hayuko kwa karatasi," akasema. Hakusema kwa ubaya. Papa Lwamba alivaa kofia yake akatoka, na mgongo wake ule naukumbuka kuliko maneno yote ya karani. Nilipata aibu ya kweli siku ile. Ile ya kwanza ilikuwa mchezo.

Mama alirudi kutoka Moba baada ya siku nane. Niliitwa nyumbani kwake jioni. Ukumbini palitundikwa mkeka, yeye ndani, mimi nje, Anjelina katikati macho yamemtoka. Nilijua posa yangu iko hatarini. Mama alisema na Anjelina, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Umwambie mutoto ule hivi. Ndugu za baba yako walitaka magari yangu wakanitukana, wakashindwa. Yeye ameyachukua yote matatu kwa heshima, na hakuna aliyemuzuia. Umwambie, kama wale wangeiona ile karatasi, kesho wangesimama barazani waseme, hata mukwe wake anajua magari si yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

"Umwambie tena. Mi niliona mutumbwi. Nilikohoa mpaka kifua kikauma. Angeacha kiyoo mahali pake nijifunike kitenge, kitenge si ninacho? Mi nafunika uso, yeye anaona njia. Nani alimwambia adabu ni kufunga macho ya gari?"

Nyuma ya mkeka, naapa, nilisikia kama anazuia kicheko. Kisha akatoa hukumu. Mtumbwi wa Papa Lwamba nitautengeneza mimi kwa mikono yangu, yeye atatoa kamioneti ya kubeba mbao. Harusi itangoja mpaka mtumbwi uelee. Na kesho tutakwenda sote kuinyoosha ile karatasi.

Tukaenda. Mama aliingia ofisini akasimama akiutazama ukuta wenye kalenda, mgongo kwangu. Mimi nikasimama mgongo kwake. Dominiko na kadi zote tatu katikati. Karani alitutazama kwa muda mrefu. "Yule aliyesema uongo njo atasahihisha," akasema. "Mwenye magari ni nani?"

Kadi zilikuwa mbele yake, jina alikuwa analisoma. Lakini alitaka litoke kwangu, na alikuwa na haki. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mama akaiambia kalenda, "Dominiko, umwambie mutoto ule, ni mudomo njo walimukataza. Mukono nani aliukataza?"

Nikaitazama ile kalamu iliyofungwa kwa uzi, ile ile niliyoichezea siku ya kwanza. Karani akanisogezea karatasi. "Kalamu ilikuwa hapa tangu zamani," akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu. Nikaliandika. Herufi kubwa, zilizosimama vizuri, na hakuna jina nililowahi kuliandika kwa uangalifu kama lile. Chini yake nikaandika Dominiko, dereva. Chini ya Dominiko nikaandika jina langu: anayejifunza, mkwe wa mwenye magari. Ilikuwa rahisi hivyo, mwanangu. Ningeweza kuiomba kalamu siku ya kwanza.

Bima haikumlipa Papa Lwamba, kwa kuwa ajali ilitangulia karatasi ya kweli. Miezi miwili na nusu kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya misa nilikuwa ufukweni nikipiga randa mbao. Papa Lwamba alinifundisha kuziba nyufa na kupaka lami, na siku za katikati ya juma wenzake walimpa nafasi katika mitumbwi yao. Mwanzoni hakunisemesha. Mwezi wa pili alianza kuniita "Dereva", na kila gari likipita ananiambia nijifunike uso. Siku mtumbwi ulipoingia majini uliegemea upande kidogo, upande wangu, lakini haukuvuja. Jumamosi iliyofuata tukafunga ndoa, na samaki wa harusi walitoka ndani ya mtumbwi ule.

Perimi niliipata mwaka uliofuata. Mama mkwe nilimwendesha miaka mingi sana, kioo kikiwa mahali pake, na ndani ya kioo kitenge. Heshima haikupungua hata chembe.

Sasa nikwambie wazi ninachotaka ukishike. Unapoandika bima, sema gari ni la nani, nani analiendesha na nani bado anajifunza, hata kama kusema kunakutia haya au kunapandisha bei. Karatasi ile haiandikwi kwa ajili ya siku nzuri. Inaandikwa kwa ajili ya mtu kama Papa Lwamba, ambaye humjui bado, atakayesimama mbele yako na kopo mkononi akuulize nani atamtengenezea. Na kama kuna jambo unalolionea haya, au mila yetu inakukataza, usitafute uongo mdogo wa kupitia. Mwambie mtu, "Hapa nimekwama," nawe utashangaa jinsi njia ilivyo karibu. Na ukikaa kwenye usukani, ukisikia mtu nyuma anakohoa, simama kwanza.

Leta hiyo karatasi. Pale penye mstari wa anayejifunza nitaandika mimi mwenyewe. Unanitazama? Tangu umezaliwa nakuita mwanangu, nakuita mama, siku za utani nakuita mkwe, na hukuwahi kuniuliza kwa nini jina lako halijatoka mdomoni mwangu hata siku moja. Baba yako alikupa jina la nkambo yake, mama yangu mkwe, aliyekuwa ameshatutoka. Tangu siku ya ubatizo wako mdomo wangu umekuwa mashakani. Lakini mkono wangu njia unaijua, ulishaliandika jina hilo mara moja.

Mungu akupe macho ya mbele na ya nyuma, mwanangu. Barabara ikupokee na ikurudishe nyumbani, na utakaowabeba washuke kwako wakicheka. Haya, nimemaliza kuandika. Lisome wewe kwa sauti tusikie kama herufi ziko sawa, maana mimi siwezi.